Sukari ya Kuazima na Uji wa Saa Nne

Sauda na Rehema, nyinyi ndio mmebaki na mwiko, kwa hiyo maneno haya ni yenu. Mwingine akitaka kusoma naye akaribie, nafasi ipo. Mimi nasema, mjukuu wangu Mwanaidi anaandika, maana shule yangu iliishia darasa la tatu kule Misima, Handeni, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nimemkataza asininyooshee maneno. Akaniambia, "Bibi, nitaandika hivyo hivyo unavyoongea, ila ukikohoa siandiki." Tumekubaliana.

Siku ya kuniaga, mwalimu mkuu alisimama akasema mengi mazuri, akataja na vyeo. Nilicheka kimoyomoyo. Mpishi wa shule ana vyeo viwili tu: mpishi, na mpishi aliyezeeka. Vyote nimevipata. Habari za mshahara naziruka, hazina hadithi. Nianzie pale nilipoanzia, kwenye moshi.

Nilikuja Korogwe kuolewa, Kwamndolwa, mume wangu fundi baiskeli, Mungu amrehemu. Watoto walipoanza shule nikasikia shuleni wanatafuta mtu wa kumsaidia mpishi. Nikajifunga khanga, nikaenda. Mpishi mwenyewe alikuwa Mama Sifaeli, Mshambaa wa milimani, mrefu, mkimya, mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili hata moja. Akiudhika anasema Kishambaa, na mimi namjibu Kizigua, tunaelewana vizuri tu kwa sababu wote tunajua nani kakosea. Mara nyingi ni mimi.

Siku ya kwanza akaniambia, "Pika uji." Nikasema moyoni, uji nao wa kufundishwa? Nyumbani napika kila siku. Maji yakachemka, nikamwaga unga debe zima kwa mpigo. Wenzangu, ule haukuwa uji. Yalikuwa madonge makubwa kama ngumi, ndani unga mkavu. Mama Sifaeli akachungulia.

"Umepika mawe," akasema.

"Shikamoo mama, naomba unisamehe."

"Shikamoo ya nini, tumeamkiana asubuhi. Chukua upawa, yatoe moja moja, uyaponde. Watoto wanatoka saa nne."

Niliyaponda mpaka mkono ukafa ganzi. Uji ulitoka saa nne na nusu na hakuna mtoto aliyelalamika. Tangu siku hiyo unga nakoroga kwanza na maji ya baridi pembeni, na nyinyi nimewafundisha hivyo, msije mkamsikiliza mtu anayesema ni kupoteza muda.

Lakini Mama Sifaeli alinifundisha kubwa kuliko hilo. Aliniambia, "Mpishi wa nyumbani anaangalia sufuria. Wewe uangalie foleni." Sikumwelewa. Akanisimamisha mlangoni Jumatatu moja. "Angalia wanaorudi kuomba ukoko." Si mnajua ukoko, ule unaoshika chini ya sufuria, mtamu wenye harufu ya moshi. Jumatatu watoto wakaja wengi, wakakwangua mpaka sufuria ikang'aa. Jumatano akanisimamisha tena. Ukoko ukabaki, tukawapa kuku wa mlinzi. "Umeona?" akasema. "Jumamosi na Jumapili shule imefungwa." Basi. Hakuongeza neno. Akageuka kuchochea kuni.

Kuanzia pale nikawa naijua njaa ya mtaa mzima bila kumuuliza mtu. Najua nyumba gani mahindi yameisha, najua nani baba yake amepata kibarua kwenye mkonge, kwa sababu mtoto wake ameacha kuja kwenye ukoko. Mama Sifaeli alipozeeka akarudi kwao milimani, akaniachia ule mwiko wake mrefu unaonifika begani. Ndio huo mlio nao. Msiuache mvuani.

Sasa chuo kikuu. Wanafunzi wa ualimu walikuwa wanaletwa kila mwaka kufanya mazoezi ya kufundisha. Vijana wazuri, wasafi, viatu vinang'aa siku ya kwanza na siku ya pili havina tena habari. Jikoni walikuwa wanakuja kuomba maji ya moto, basi. Wakati ule walimu mnawajua, jikoni ni nyuma, na nyuma ni kwa wapishi na kuku.

Ukaja ule mwaka vuli ilipogoma. Mvua ilinyesha siku mbili ikaondoka kama imekumbuka kitu. Wazazi ndio walikuwa wanachangia mahindi ya uji, sasa mahindi yenyewe yako wapi? Stoo nikawa naifagia na kukuta sakafu. Na chuo kikuu mwaka ule kilikuwa kimeingia ushirika na shule yetu. Alikuja mhadhiri, Dokta Tumaini, mama mfupi mwenye miwani, sauti ya upole. Akaiambia kamati ya shule kwamba kuna jambo moja wanaweza kusaidia kwa mwaka ule. Ama chumba cha vitabu, watoto wasome mpaka washibe macho, ama unga wa uji. Moja. Na hataki kuchagua yeye akiwa amekaa ofisini. Atawatuma wanafunzi wake wakaulize nyumba kwa nyumba.

Mimi nikafurahi. Nikasema, wakiuliza tu, uji umepona.

Jumamosi, jua limeshapanda, nawaona kwa mbali wanakuja kwangu, binti anaitwa Prisca na kijana anaitwa Jofrey, mikononi karatasi. Nisikilizeni vizuri hapa. Nyumbani kwangu asubuhi ile hakukuwa na kitu. Mwanaidi, huyu huyu anayeandika, alikuwa darasa la pili, na mdogo wake Zuhura hajaanza shule. Walikuwa wanasubiri nikachimbe mihogo kwa shemeji yangu ndipo wale. Nilipowaona wageni nilifanya nini? Nikabandika sufuria ya maji matupu jikoni, nikasukuma kuni, moshi ukapanda. Nyumba yenye moshi ni nyumba yenye chakula. Halafu nikamwambia Mwanaidi, "Pita nyuma, nenda kwa Mama Hadija, mwambie naomba sukari, wageni." Mama Hadija ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mtoto akaileta kwenye kikombe cha kahawa, imefunikwa na kiganja.

"Hodi bibi. Shikamoo."

"Marahaba wanangu, karibuni, karibuni sana. Kaeni mnywe chai."

Wakakaa. Wakanywa chai ya sukari. Prisca akauliza kwa adabu kabisa, "Bibi, watoto hapa wakienda shule asubuhi huwa wamekula?"

"Wanakula," nikasema. "Chai na mihogo ya kuchemsha. Leo wameshindwa hata kumaliza."

Akamgeukia Mwanaidi. "Na wewe mdogo wangu, umekula?"

Mtoto akaniangalia kidogo. "Nimeshiba, dada."

Akaandika. Na mimi, niseme ukweli, nilijivunia. Nilisema moyoni, huyu nimemlea. Sisi tulilelewa hivyo hivyo. Ukiwa mdogo ukaenda kwa watu ukasema hujala, mama anakufinya paja chini ya khanga mpaka unaona nyota, maana umemvua nguo mbele za watu. Mtoto mwenye adabu ameshiba siku zote.

Walipoondoka, Prisca alikuwa ameacha nusu kikombe kwa heshima. Mwanaidi na Zuhura wakagawana.

Amesimamisha kalamu hapa. Nimemwambia endelea mama, yamepita.

Mkutano wa wazazi ukaitishwa, darasa la saba likajaa, wengine dirishani. Mimi nilisimama mlangoni na aproni yangu, natoka kuosha sufuria. Dokta Tumaini akasoma. Akasema anashukuru vijana wake walivyopokelewa, kila nyumba chai. Akasema wameuliza mtaa mzima, na karibu kila nyumba watoto wanakula asubuhi kabla ya kwenda shule. Alikuwa na furaha, mnajua mtu anapokuletea habari njema. "Kwa hiyo," akasema, "uji si tatizo kubwa kama tulivyodhani. Tutaleta vitabu."

Watu wakapiga makofi. Na vitabu ni vizuri, nani anakataa vitabu? Nikawaangalia akina mama. Namwona mmoja, wanawe wawili ndio huwa wa kwanza kwenye ukoko kila Jumatatu, anapiga makofi. Namwona mwingine, hivyo hivyo. Mama Hadija anapiga makofi polepole, anaangalia sakafu. Nikaelewa. Kumbe kila nyumba ilibandika maji, na kila nyumba ilitafuta sukari. Wale vijana walizunguka mtaa mzima wakinywa sukari ya mwisho ya watu, wakaandika kwamba watu wameshiba.

Nikafikiria Jumatatu ile unga wa mwisho utakapokuwa umeisha. Foleni inakuja, sufuria imefunikwa kifudifudi.

Ningeweza kusema, "Jamani, mnadanganya." Lakini namwambiaje mwenzangu hivyo mbele ya watu? Uongo niliokuwa na haki ya kuutaja ni wangu peke yangu. Aproni imelowa, nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Naomba kusema. Karatasi ya nyumbani kwangu ifutwe."

Mwalimu mkuu akasema, "Bibi, tuko kwenye taarifa, maoni baadaye."

"Si maoni. Nilidanganya. Watoto wangu hawakuwa wamekula siku ile. Sufuria ilikuwa na maji tu, na chai niliyowapa wageni, sukari niliazima."

Akasimama mzee mmoja wa kamati, huyo mzee hajawahi kunipenda tangu nilipomnyima ukoko wa bure, akasema, "Mpishi anatetea kibarua chake. Uji ukiisha atapika nini?"

Watu wakacheka.

"Ni kweli mzee wangu, nakitetea," nikasema. "Lakini ningekuwa natafuta uongo wa kunisaidia, ningechagua ule usioniaibisha. Mjukuu wangu mwenyewe nilimfundisha aseme ameshiba, na tumbo linanguruma mpaka nalisikia mimi. Hilo ndilo nimesimama kulisema."

Nikaona sasa nimejivua nguo mwenyewe, bila hata kufinywa, na hakuna aliyenisitiri.

Ndipo Mama Hadija akainuka. Mnamjua, hana haraka. Akajifunga khanga upya kwanza.

"Na hiyo sukari ilikuwa yangu," akasema. "Ilikuwa ya mwisho. Na walipotoka kwako wakaja kwangu, nikakosa ya kuwapa, nikawaambia mimi sukari nimekatazwa na daktari."

Jofrey akasema, "Bibi, si tulikuandika una kisukari?"

"Ifute hiyo, mwanangu. Sina sukari ya mwilini wala ya kwenye kopo."

Watu walicheka, sasa kicheko cha kweli, mpaka yule mzee. Na baada ya kicheko mama mmoja akasema, "Na yangu futeni." Mwingine, "Yangu pia." Hawakueleza kitu, walisema futeni tu. Sikuwahi kuwapenda majirani zangu kama siku ile.

Dokta Tumaini akavua miwani, akaifuta na ncha ya kitambaa chake, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akaniuliza, wala hakukasirika, "Bibi, mbona hukutuambia tulipokuja?"

"Mwanangu, kwenu mgeni akisimama mlangoni na karatasi, mama yako angemwambia watoto hawajala?"

Akafikiri. "Mama yangu angeazima sukari," akasema.

"Haya basi."

"Sasa tuulizeje?"

Hapo ndipo nilipojua huyu ni mwalimu kweli. Mtu aliyesoma mpaka mwisho wa vitabu anamuuliza mpishi aulizeje. Nikamwambia, njooni jikoni Jumatatu, karatasi ziacheni ofisini.

Wakaja. Nikawapa ungo, nikawaambia wachambue maharage. Jofrey alikuwa anatupa maharage mazima na kubakiza mawe, nikamnyamazia siku ya kwanza. Saa nne nikawasimamisha mlangoni kama Mama Sifaeli alivyonisimamisha mimi. "Msiangalie sufuria. Angalieni wanaorudi." Jumatatu wakaona. Jumatano wakaona. Prisca alikaa chini kwenye kinu, akasema, "Bibi, kumbe majibu yalikuwa kwenye ukoko." Nikampa kipande akatafune.

Halafu nikawatuma kwenye mashine ya kusaga. Wasiulize, wasaidie kubeba. Anayekuja na debe na anayekuja na bakuli wataonekana wenyewe. Na nyumbani kwa watu, nikawaambia, msikae kwenye kiti mlichowekewa. Shika kazi anayofanya mwenye nyumba, pukuchua naye mahindi, macho yakiwa kwenye mikono. Mtu hawezi kumdanganya anayepukuchua naye, au anaweza, lakini anachoka upesi. Na chai mkiletewa, semeni mmetoka kunywa.

Wakarudi na majibu mengine kabisa. Mwaka ule chuo kikaleta unga, na chumba cha vitabu kikasubiri mwaka unaofuata. Dokta akaleta na wataalamu wake wa kilimo, wakakaa na wazazi kupanga shamba la shule upande wa bondeni, mihogo na kunde, vitu vinavyovumilia mvua ikigoma. Wazazi wakalima wenyewe. Yule mzee wa kamati ndiye akawa msimamizi wa shamba, na kelele zake zote akazihamishia kwa mbuzi wa watu.

Na jiko. Mnalipenda lile jiko la bomba, halina moshi. Wacha niwaambie. Vijana wa chuo walilijenga wakalipima kwa Jofrey, na Jofrey ni mrefu kama nguzo ya umeme. Likanifika kifuani. Nikashukuru sana, nikapiga vigelegele. Walipoondoka nikatafuta matofali mawili, nikawa nasimama juu yake kukoroga. Muhula mzima. Siku moja Prisca akaja, akayaona.

"Bibi, matofali ya nini?"

"Ya kusimamia."

"Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mmechoka kujenga."

Akanitazama, nikamtazama. Akasema, "Bibi. Tena?"

Nilicheka mpaka nikashuka kwenye matofali. Yaani mimi niliyesimama mbele ya mkutano mzima, bado nilikuwa nabandika maji. Wakalipunguza. Ndiyo maana lina kile kiraka pembeni, wengine mnadhani lilipasuka.

Tangu hapo wanafunzi wa ualimu wakija, wiki ya kwanza wanaanzia jikoni. Wao kwenye makaratasi yao wameipa jina refu, mimi naiita kuchambua maharage. Wanawajua watoto kwanza kwenye foleni, ndipo wanawakuta darasani. Wakisubiri uji wanawasomea hadithi kutoka kwenye vile vitabu, maana vilikuja, na mimi nakoroga polepole makusudi ili hadithi iishe. Nyinyi mkikuta uji umechelewa dakika tano, msiulize sana. Na watoto nao wakanirudishia, wakawa wananisomesha maandishi ya kwenye magunia. Zamani kwenye daftari la stoo nilikuwa naweka dole gumba. Sasa naandika jina langu, ingawa herufi ya mwisho inapenda kwenda zake.

Prisca alimaliza chuo, akapangiwa mkoa mwingine, akaomba akarudishwa hapa. Ndiye mwalimu wa darasa la kwanza hapo shuleni. Akiwa mkali na nyinyi, mkumbusheni kwamba mimi nilimwona akikaa kwenye kinu.

Namaliza. Leo Jumapili, nimeshastaafu, nimekaa nyumbani na vitukuu, watoto wa Mwajuma, mjukuu wangu mkubwa. Nawaona kwa mbali vijana wawili wapya wa chuo wanakuja. Nimesimama haraka, mkono umekwenda wenyewe kwenye sufuria. Kweli kabisa, baada ya miaka yote hii. Nikaurudisha.

"Hodi bibi, shikamoo."

"Marahaba, karibuni. Chai ipo ya mchaichai, ila sukari hamna leo."

Hawakukaa kwenye kiti. Walikaa kwenye mkeka, wakavuta ungo wangu wa kunde, wakaanza kupukuchua. Nikawamiminia. Walikunywa ile chai chungu mpaka majani yakabaki chini, nikajua ni Prisca amewafundisha. Binti akamuuliza kitukuu changu, huku macho yako kwenye kunde, "Mdogo wangu, asubuhi umekula?"

Mtoto akaniangalia.

Nikamwambia, "Sema tu, mama."

"Bado," akasema. "Nasubiri kesho, niende na dada yangu shuleni kwenye uji wa saa nne."

Kwa hiyo Sauda, Rehema, kesho mkimwona mdogo mmoja kwenye foleni ambaye bado hajafika umri wa shule, amevaa gauni la kijani, ni wa kwangu. Mpeni, na ukoko pia. Kesho ni Jumatatu.